Chupa Ishirini za Nzi

Aberdeen, 14 Januari 2008

Kigen mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini na kikombe cha chai, si umesimama na jembe. Mimi ni mzima. Huku jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, basi naona mchana kupitia dirisha la maabara tu. Mama magoti yanamwambia nini siku hizi? Mkeo Purity naye, mimba hii inamsumbua kama ile ya binti yenu Cynthia?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu mbili za mwezi huu hazikuzaa kitu. Ya kwanza laini ilikatika yenyewe. Ya pili nilikuuliza habari za Gathoni, nikakusikia ukivuta pumzi, halafu wewe ndiwe uliyekata. Najua kadi za simu zimeadimika huko. Lakini mtu ambaye kadi imemwishia havuti pumzi kwanza.

Gathoni amekuwa fundi wa maabara yangu chuoni Chepkoilel miaka kumi na mmoja. Unamjua. Siku ile uliniletea viazi Chepkoilel mvua ikakuzuia, ulikula kwake ukalala kwake. Simu yake haipatikani tangu mkesha wa mwaka mpya, fujo za uchaguzi zilipopamba moto. Nakuomba umuulizie.

La pili ni nzi. Ulizoea kunicheka kwamba dada yenu alisoma mpaka akawa mchungaji wa nzi, sasa nataka uchunge wewe. Ni wale wadogo wanaokaa kwenye ndizi zilizoiva. Ubongo wao ni mdogo kuliko punje ya wimbi, lakini unazeeka kama wetu: wanalala vibaya, wanasahau, wanachelewa kuanza safari. Ukigonga chupa chini, nzi kijana anapanda juu mara moja. Mzee anabaki chini kana kwamba hajasikia. Nataka kujua ni nini kinachokatika katikati ya kusikia na kwenda.

Ziko chupa ishirini. Kumi zina utepe mwekundu: ndani ni wazee peke yao. Kumi zina utepe wa bluu: humo wazee wanaishi pamoja na vijana. Vijana wana macho meupe, wazee macho mekundu, huwezi kuwachanganya. Wazee wote walizaliwa tarehe kumi Desemba. Muone mlinzi, Nyongesa, akufungulie. Kila siku ya tatu wahamishe kwenye uji mpya na uhesabu waliokufa. Maelezo ya uji yako nyuma ya karatasi hii.

Kama wameshakufa wote, niambie tu. Lakini usininyamazie kuhusu Gathoni.

Dada yako,
Hellen


Ainabkoi, 29 Januari 2008

Dada Hellen,

Barua imefika, nimeisomea Mama jikoni, ile sehemu ya magoti amecheka. Anasema magoti yake yanaongea Kinandi na hayajui barua. Purity ana miezi saba. Cynthia yuko nyumbani, shule hazijafunguliwa, anatuhesabia kuku kutwa nzima. Kabichi ziko shambani zinaoza, hakuna gari la kwenda Nakuru.

Sasa nzi. Usishtuke: niko nao tangu tarehe nne. Nilienda na baiskeli nikafika Chepkoilel saa nane mchana. Nyongesa alikuwa peke yake na mbwa wake, kampasi yote kimya. Chupa mbili za nyekundu zilikuwa zimekauka, wote wamekufa. Hizo zingine nilizipanga kwa kreti ya soda, nikajaza magazeti katikati, nikafunika na blanketi, nikarudi nikisukuma baiskeli mpaka karibu na mjini kwa sababu nilikuwa nahofia matuta. Watu wa barabarani waliuliza nimebeba nini. Nikasema nzi. Walinipisha haraka kuliko ningesema ni nyoka.

Nimewaweka kwa banda la vifaranga, ile rafu iko karibu na jiko la makaa. Uji napika mwenyewe, unga, sukari, hamira na ule unga wako mweupe wa kugandisha. Purity anasema sijawahi kumpikia yeye hata chai.

Nimeanza kuwaangalia, dada, na sasa siwezi kuacha. Leo wazee wana siku hamsini. Nikigonga chupa nyekundu, kuna mmoja anapanda hatua tatu, anasimama, anajipangusa uso kama mtu amesahau kitu kwa nyumba, anarudi chini. Hiyo umewahi kuona? Na nilitaka kukuuliza: nzi anajua kwamba amezeeka, ama anashangaa tu mbona chupa imekuwa ndefu?

Mambo ya Gathoni, watu wengi wametoka mjini. Siwezi kujua kila mtu alienda wapi.

Hesabu ziko karatasi ya pili.

Ndugu yako,
Kigen


Aberdeen, 11 Februari 2008

Kigen,

Poleni na kabichi. Mwambie Mama nimefurahi kusikia magoti yake bado ni ya nyumbani.

Nilifungua bahasha yako nikiwa nimesimama koridoni, nikakaa chini palepale. Profesa wangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna nzi mia tatu na ushee walio hai kwenye banda la kuku. Hakuelewa.

Swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa hapa. Sijui kama nzi anajua. Ninachojua ni kwamba miguu yake bado ina nguvu: ukimpulizia hewa kwa ghafla, mzee anaweza kuruka. Hiyo inaonyesha si misuli iliyochoka, ni amri inayochelewa kutoka kichwani. Huyo wako anayejipangusa uso nimewahi kumwona. Gathoni humwita “mzee wa kamati.”

Nina maswali matatu, yajibu kwa utulivu. Moja, joto la banda ni nyuzi ngapi? Tundika kipimajoto. Mbili, rafu yako ina juu na chini, na juu kuna joto zaidi. Kama nyekundu zote zilikaa chini na bluu zote juu, basi tumelinganisha joto, hatukulinganisha wazee walio peke yao na wanaoishi na vijana, na kazi yote ni bure. Zilikaa vipi?

Tatu. Mimi nilikuandikia tarehe kumi na nne. Wewe ulienda kuwachukua tarehe nne, barabara zikiwa zimefungwa. Nani alikutuma?

Hellen


Ainabkoi, 2 Machi 2008

Dada Hellen,

Habari ni nzuri kidogo. Juzi redio imesema wakubwa wa siasa wametia sahihi mapatano, na jana nimeona lori la kwanza la kabichi likipita. Mama amefukia viazi vya mbegu. Purity miguu imevimba, lakini daktari amesema ni kawaida.

Kipimajoto: asubuhi kumi na saba, mchana ishirini na moja. Najua ulitaka ishirini na tano. Ainabkoi si Mombasa.

Juu na chini usiwe na wasiwasi. Kila siku ya juu inashuka, ya chini inapanda, na ya kona inaenda katikati, vile imeandikwa. Kwa hiyo zote zimekula joto sawa.

Sasa sikia hii. Nimegonga chupa zote mara tano tano, nikihesabu wanaofika kwa ule mstari nilichora juu ya chupa kabla nimalize kuhesabu mpaka kumi. Bluu, katika wazee kumi, sita wanafika. Nyekundu, wawili ama watatu. Nilidhani nimekosea, nikaficha tepe, nikamwita Cynthia ahesabu bila kumwambia ni rangi gani, akapata karibu sawa. Nikakaa hapo na kreti kwa magoti nikiangalia kwa nini. Kijana wa macho meupe anapita mbio, anamgonga mzee kwa bahati mbaya, mzee anageuka, halafu anapanda. Hakufuata kijana. Alienda njia yake. Ni kama alikuwa anangoja tu mtu amkumbushe kwamba kuna kwenda.

Mama naye anakaa kitini asubuhi yote akisema hawezi kusimama, Cynthia akianguka nje ndiye wa kwanza kufika. Sisemi Mama ni nzi. Nauliza tu.

Nani alinituma, hakuna. Nilikumbuka tu kwamba kuna nzi wako.

Kigen


Aberdeen, 18 Machi 2008

Kigen,

Salamu kwa Mama na Purity. Hali yangu ni nzuri.

Kuhusu baridi: nzi aliyekaa kwenye baridi huishi siku nyingi zaidi, kwa hiyo umri wao hauwezi kulinganishwa na wa maabara nyingine. Lakini baridi imewapata wote sawa, na tofauti ya nyekundu na bluu inabaki. Na ulichoona, kwamba mzee hamfuati kijana bali anaamshwa naye, sijawahi kukisoma popote. Ulivyomfanya Cynthia ahesabu bila kujua rangi ndivyo tunavyofundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu, na wengi hawashiki.

Sasa soma polepole.

Umeandika kwamba unabadilisha chupa juu na chini “vile imeandikwa.” Mimi sikukuandikia hivyo. Nilisahau, ndiyo maana nikauliza. Imeandikwa mahali pamoja tu duniani, ukurasa wa kwanza wa daftari jeusi la maabara, kwa mkono wa Gathoni.

Gathoni yuko hai. Yuko Nyahururu kwa dada yake. Wiki iliyopita mtu wa kanisa lao alinitumia kwa kompyuta ukurasa aliomwandikia, kwa sababu vidole vyake vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Ananiomba radhi, Kigen. Yeye ananiomba mimi radhi, kwamba alitoka na daftari ili lisiungue, na likabaki barabarani pamoja na mkoba na ufunguo, tarehe mbili Januari, karibu na njia ya kuingia Ainabkoi. Hakutaja mtu yeyote.

Barabara ipi hiyo? Na daftari liko wapi?

Hellen


Ainabkoi, 8 Aprili 2008

Dada,

Purity amejifungua mtoto wa kike tarehe thelathini na moja. Wako salama. Mama amesahau magoti kabisa.

Daftari liko hapa mezani. Lina matope kwa jalada, lakini ndani linasomeka.

Nimeanza hii barua mara nne. Cynthia ametengeneza ndege na zile karatasi zingine.

Tarehe mbili tulikuwa barabarani vijana kumi na mmoja. Sitakuambia nililazimishwa. Walikuja nyumbani wakaita, Purity akasema usiende, nikaenda. Mawe ya kufunga barabara upande wa kushoto nilibeba mimi. Kulikuwa na mambo yalisemwa kwa redio juu ya watu wa kabila la Gathoni, na mambo yalisemwa na watu, na mimi niliyasema pia.

Pikapu ilikuja saa tano mchana, imejaa watu na magodoro. Tukawashusha. Walimpiga dereva. Nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu nikaona Gathoni akishuka na mkoba kwa bega. Akaniona. Uso wake ulifunguka, dada, kama mtu ambaye ameona mlango. Akasema, “Kigen, si ni wewe? Waambie unanijua.”

Wote wakanigeukia. Mmoja akaniuliza, “Unamjua huyu?”

Nikasema, “Simjui.”

Alishika mkoba kwa nguvu, wakampiga mkono na rungu mpaka akaachilia. Si mimi nilipiga. Nilikuwa hatua mbili na sikusonga. Waliwafukuza kwa miguu kupitia shamba la miti ya miwati, halafu pikapu ikachomwa. Wengine walipekua mikoba. Daftari walitupa, mimi nikaokota. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuwa na kitu mkononi.

Nililisoma siku hiyo nzima nikiwa kwa banda la kuku. Tarehe thelathini, mji ukiwaka, ameandika: waliokufa wawili, chupa ya saba. Tarehe thelathini na moja: waliokufa watatu. Na chini: wasipolishwa kufikia Ijumaa watakufa wote. Ijumaa ilikuwa tarehe nne. Ufunguo ulikuwa umefungwa na uzi kwa daftari. Nilipanda baiskeli.

Umeuliza nani alinituma. Ni yeye.

Usifikiri naleta hii ya nzi ndio unihurumie. Kusikia nilisikia. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na kichwa kizuri.

Wamebaki wazee tisa, wote wa bluu.

Kigen


Ainabkoi, 5 Mei 2008

Dada Hellen,

Hujajibu, na sikulaumu. Nakutumia tu hesabu. Mzee wa mwisho alikufa tarehe kumi na nane Aprili, siku ya mia na thelathini, chupa ya bluu nambari nne. Nilimpata asubuhi. Vijana wapya wanaozaliwa bado nawalisha, kwa sababu hukuniambia niache.

Mama anauliza mbona hupigi simu. Nimemwambia una kazi nyingi.

Kigen


Aberdeen, 16 Juni 2008

Kigen,

Nilimpigia Mama Jumapili, atakuwa amekuambia. Mtoto nilimsikia akilia, ana mapafu ya baba yetu.

Miezi miwili nimeshindwa kukuandikia. Kila nikianza “ndugu yangu” kalamu inasimama. Nilikaa nikipiga hesabu: kama ningekuwa nyumbani, je, ungesema hivyo mbele yangu? Halafu nikaona swali hilo linanipendelea mimi. Gathoni hakuwa akihitaji niwepo. Alihitaji wewe useme neno moja.

Kwa kuwa wewe umeandika lako, nami niandike langu. Kuna kazi nimepewa hapa, ya kudumu, yenye maabara yangu mwenyewe. Tangu Januari nimekuwa nikijiandaa kuwaambia kwamba siwezi kurudi kwa sababu ya vita, kwamba nchi imenitoa. Ingekuwa sababu nzuri, na nyote mngeniamini. Lakini barua ya kazi ilikuja Novemba, Kigen, kabla hata jiwe moja halijatupwa. Nilikuwa nimeshaanza kukubali, na nilimwachia Gathoni nzi wangu nikijua kwamba huenda sirudi. Yeye alibaki mjini siku zile nne kwa ajili ya kazi ambayo mimi nilikuwa nimeiacha moyoni.

Sikuambii hivi ili tulingane. Hatulingani.

Daftari si lako, wala si langu. Mpelekee. Usilitume kwa posta na usimpe mtu. Nimemwandikia kwamba utaenda, na nimemwambia kwa nini unalo. Amejibu mstari mmoja: “Aje siku ya kazi, si Jumapili.”

Dada yako, bado,
Hellen


Ainabkoi, 20 Agosti 2008

Dada Hellen,

Mama ni mzima, anavuna mahindi mabichi. Mtoto amekaa mwenyewe juzi, akaanguka upande, akashangaa sana.

Nilichelewa kwenda. Ningekuambia ni mvua, lakini ni woga. Nilifika Nyahururu Jumanne iliyopita. Dada yake alinifungulia, na bwana wa huyo dada akasimama mlangoni muda wote nilikuwa ndani, hakukaa hata kidogo. Gathoni alikuwa mezani akichambua maharagwe kwa mkono wa kushoto. Hakuniambia karibu. Alionyesha kiti kwa kidevu.

Nikaweka daftari mezani. Alilipangusa na kitambaa kwanza, pole pole, halafu akafungua ile sehemu niliandika mimi. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Maji ya chai yakachemka yakaepuliwa, bado anasoma.

“Huyu nani ameandika ‘leo wazee wamenuna’?”

“Ni mimi.”

“Kununa si kipimo. Walipanda wangapi?”

“Wawili.”

“Andika wawili.”

Akanipa kalamu, nikaandika. Akaendelea. “Machi tarehe kumi na mbili mpaka kumi na nne hakuna kitu. Ulienda wapi?”

“Nilikuwepo. Makaa yaliisha, joto likashuka mpaka kumi na moja. Niliwapata wamelala wote chini, nikadhani nimewaua. Sikuandika kwa sababu niliona aibu.”

“Weka hapo. Makaa yaliisha, nyuzi kumi na moja, siku tatu. Mtu akisoma baadaye bila hiyo atadanganyika.”

Nikaandika hiyo pia. Halafu akafunga daftari, akaweka ule mkono juu yake, dada. Vidole viwili vimebaki vimenyooka. Akasema, “Ulisema hunijui.”

“Ndiyo.”

“Ulikula kwangu.”

“Ndiyo. Ugali na mboga ya mrenda. Ulinipa blanketi ya mtoto wako.”

“Kumbe unakumbuka.”

Nilianza kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Alinikatiza. “Hilo uliache kwanza. Niulize kitu kingine.”

Nikamuuliza kile nilikuwa nataka kujua tangu Januari: kwa nini aliendelea kuwahesabu, mji unaungua, tarehe thelathini na moja, waliokufa watatu?

Yule bwana mlangoni naye alikuwa anasikiza sasa. Gathoni akasema, “Nilikuwa nataka kujua wataishi siku ngapi. Hilo tu. Nilikuwa na hofu ya kila kitu, lakini hilo bado nilitaka kulijua.” Halafu akaniuliza, na hapo sauti yake ilibadilika kidogo, “Wa mwisho alifika siku ya ngapi?”

“Mia na thelathini. Wa bluu.”

“Wa bluu,” akasema. “Nilijua watakuwa wa bluu.”

Nilipoinuka akaniambia kitu cha mwisho. Aliandikisha taarifa kwa polisi mwezi wa Februari. Wakamuuliza alitambua nani. Akawaambia alimtambua mmoja, na atamwachia huyo mtu ajiseme mwenyewe. “Sijakutaja,” akasema. “Lakini usidhani nimesahau. Ningoje mpaka lini?”

Nimerudi na hilo swali.

Kigen


Aberdeen, 3 Oktoba 2008

Kigen,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sitakuambia ufanye nini. Wewe una mke na watoto wawili na Mama, na wale kumi ni majirani zako, mnakutana mkipeleka maziwa kila asubuhi. Mimi niko mbali, na ni rahisi kuwa jasiri kwa mdomo wa mtu mwingine.

Nikuambie ya kwangu. Nimekataa kazi. Nitarudi Chepkoilel Aprili, na tutaanza upya na nzi wengine mia nne, kwa joto la nyuzi ishirini na tano, kwa sababu nilipomwandikia Gathoni kwamba matokeo ni mazuri tuyachapishe, alinijibu kwamba kitu kilichoonekana mara moja, kwenye banda la kuku, ni uvumi. Ana haki. Nikamuuliza kama atakuja tufanye pamoja. Amesema mji ule atarudi siku atakayoamua yeye, na kwamba nisimuulize tena.

Vijana wa macho meupe waendelee kula.

Hellen


Ainabkoi, 14 Januari 2009

Dada Hellen,

Mwaka mpya umeingia kimya. Mtoto anatembea akishikilia kuta. Mama anamfuata nyuma siku nzima, na jioni analalamika.

Nilimwambia Purity kwanza, wiki ya Krismasi. Hakulia. Aliniuliza kama watanifunga, nikasema sijui. Akauliza kama hao wengine watatuchomea nyumba, nikasema hilo pia sijui. Halafu akasema, “Mimi nilikuambia usiende barabarani. Huku nenda.” Mama tulimwambia pamoja. Yeye hajaniongelesha mpaka leo, lakini asubuhi ya Jumatatu nilikuta ameninyooshea shati.

Kabla ya kutoka nilipita kwa wale wengine, wale nilipata nyumbani. Nikawaambia ninaenda kusema yangu, na nikiulizwa sitadanganya. Wawili walinifukuza. Mmoja alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama hapo nikamwacha.

Kituoni mjini nilingoja kutoka saa mbili mpaka saa saba. Kulikuwa na mambo ya ng'ombe na mambo ya vitambulisho. Halafu afisa mmoja mwanamke akaniita, mtu mzima, ana miwani ya kamba. Nikamtajia tarehe na mahali. Akatafuta kwa kabati, akatoa faili, akalisoma kwanza.

“Wewe ni shahidi wa mama huyu?”

“Hapana. Nilikuwa barabarani.”

“Kwa pikapu?”

“Hapana.”

“Basi ulikuwa upande gani?”

“Upande wa mawe,” nikasema.

Alivua miwani akaniangalia. Nilidhani atapiga kelele, ama ataita watu. Aliniuliza tu kama kuna mtu amenituma. Nikasema hapana, na safari hii ilikuwa kweli. Akanieleza kwamba chochote nitasema kitaandikwa na kinaweza kutumika, na kwamba ninaweza kurudi nyumbani nifikirie. Nikamwambia nimefikiria mwaka mzima.

Akavuta kiti chake mbele, akachukua karatasi mpya, akaniuliza majina yangu matatu. Lile la babu lilimshinda kuandika. Nikamtajia herufi moja moja, pole pole, asije akakosea.

Kigen